Turbo Kubwa na Sala za Mama

Gari langu la dizeli halikuwa na kasoro. Lilikuwa jipya kiasi, otomatiki, na turbo yake ya kiwandani, ile feni inayoisukumia injini hewa, ilifanya kazi vizuri. Niliibadilisha kwa sababu ya trekta za miwa. Kila nikitoka Migori kwenda Ndhiwa kumwona mama, lazima nikwame nyuma ya trekta inayokokota matela ya miwa, na mimi ni mtu wa kukasirika haraka.

Fundi niliyemwendea alikuwa amezoea kutengeneza mashine za wachimba dhahabu kule Masara. Aliweka turbo kubwa zaidi, akaipanga upya kompyuta ya gari ili injini ipate hewa na dizeli zaidi, kisha akanionya.

"Madam, hii kitu inazunguka mbaya na inashika moto sana. Ukitoka kuikimbiza, usizime hapo hapo. Wacha injini ingurume dakika mbili tatu, oil iipoze. Ukizima ikiwa moto, utaiua pole pole."

Ningemtii, kama si sala za mama.

Mama hashuki garini kabla ya kumshukuru Mungu. Nikivuta breki ya mkono tu, ameshafumba macho. Huanza na safari, akawapitia shangazi zangu mmoja mmoja, wagonjwa wa kanisa, ng'ombe, na mwisho kabisa mimi: hasira zangu, na mume ambaye bado sijampata. Hiyo sehemu yangu ndiyo iliyonichoma. Nikagundua kwamba nikizima gari, kiyoyozi nacho huzimika, joto huingia, na mama huharakisha kufika amina kabla hajanitaja. Nikawa nazima. Kanisani, sokoni, kwa shangazi wa Rangwe, nilimkimbiza mwendo wangu ule ule, na tukifika tu, mara nageuza ufunguo. Baada ya miezi turbo ikaanza kupiga mluzi usio wa kawaida, na moshi wa buluu ukawa unanifuata. Nikaongeza sauti ya redio.

Jicho la kushoto la mama lilikuwa limeshakufa. Daktari wa Homa Bay alisema la kulia nalo litakufa lisipopasuliwa wiki hiyo, na mgonjwa aandikishwe kabla ya saa nne asubuhi. Mama alikuwa ameukwepa upasuaji mara mbili. Mara ya kwanza aliota ndoto mbaya. Mara ya pili gurudumu lilitoboka tukiwa bado langoni, akasema Mungu amekataa, akarudi ndani kuchambua maharagwe. Safari hii niliapa atafika. Nilipakia blanketi, thamosi, na sahani yake ya bati ya kulia chakula hospitalini.

Tulikuwa tumetoka Ndhiwa muda mfupi tu. Nikaipita trekta moja kwa fujo, nikaondoa mguu kwenye mafuta. Mlio wa injini haukushuka. Ulipanda. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikaliingiza gari pembeni, nikatia giya ya kuegesha, nikazima. Ufunguo ulikuwa tayari mkononi mwangu, lakini injini ikaendelea kupiga kelele, moshi umefunika barabara. Nilielewa papo hapo. Turbo ilikuwa imekufa ndani, na injini ilikuwa inakunywa oil yake yenyewe. Haikuhitaji tena dizeli wala ruhusa yangu.

Nilimtoa mama, nikamkalisha mbali kwenye nyasi. Alikuwa anamwita Nyasaye, Mungu wake, kwa sauti. Fundi alikuwa ameniambia siku moja kwamba injini ya namna hiyo huzimwa kwa kunyimwa hewa tu, na kwamba usijaribu kwa kiganja, itakivuta. Nikachukua sahani ya bati. Nikafungua boneti, nikang'oa bomba la hewa huku chuma kikitetemeka kana kwamba kitanirukia, nikaibandika sahani kwenye tundu la kuvutia hewa. Ikanaswa. Injini ikakohoa, ikajitikisa, ikafa.

Mama alingoja nifike karibu.

"Mungu amekataa, nyathina, mwanangu," alisema. "Nirudishe nyumbani."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko nilivyoogopa ile injini. Nilijua akirudi sasa hatatoka tena, na jicho litakwenda.

"Si Mungu, mama. Ni mimi."

Nikamweleza yote: onyo la fundi, ufunguo, kiyoyozi, joto. Aliinamisha uso, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kila mara?"

"Karibu kila mara."

"Nikiwa nimefika wapi?"

"Kwa shangazi wa Rangwe. Ukienda mbali sana, kwa ng'ombe."

Nilitamani anitukane.

"Kwa hiyo wewe sijakuombea tangu uweke hicho kitu," alisema. Kisha akanyoosha mkono nimwinue. "Haya. Kama si Mungu, tafuta gari."

Nilisimamisha Probox ya abiria, nikamlipa dereva nauli ya viti vyote asitafute abiria wengine. Tuliingia lango la hospitali zikiwa zimebaki dakika kumi saa nne igonge. Dereva akavuta breki ya mkono. Mama akafumba macho, akaanza na safari.

Shangazi wa kwanza. Wa pili. Wa Rangwe. Nilikuwa natazama saa, kiyoyozi kikiendelea kupuliza. Dereva alinitazama, akapeleka mkono kwenye ufunguo. Lile gari lilikuwa la petroli, halina turbo yoyote ya kupoza.

Nikamshika mkono.

"Ngoja," nikamwambia. "Bado hajanifikia."