Grafu Isiyoyumba

Mke wangu hamwamini mtu. Nikirudi sokoni na kilo ya nyanya, ataipima upya mbele yangu. Chuoni anakofundisha fizikia wamembandika jina la Bi Rudia, maana kila jaribio analoletewa, jibu lake ni moja: "Rudia." Nimeshazoea. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Safari hii aliyekuwa kikaangoni ni mwanafunzi wake wa uzamili, kijana mpole aliyepima jinsi maji ya moto yanavyopoa.

"Grafu yake imenyooka mno," mke wangu alisema. "Huyu kapika namba."

Kesho yake angempelekea mkuu wa idara ripoti, na kijana afukuzwe. Lakini kwanza tukarudia jaribio jikoni kwetu, mimi na saa, yeye na kipimajoto. Vipimo vyetu viliyumba juu na chini ya mstari. Vya kijana, pale katikati, vililala kwenye mstari wenyewe, kimoja baada ya kingine. Nami nikaanza kumshuku.

Mke wangu akamwita. Kijana akaja na kompyuta yake, chai hakuigusa.

"Hapa katikati ulipima?"

"Hapana, Mwalimu. Umeme ulikatika, kipimajoto sikukiona. Nikaacha visanduku vya jedwali wazi."

"Mbona kwenye grafu vimejaa?"

"Vimejaa?"

Nilimkazia macho. Ama hakujua kitu, ama ni mwongo aliyekubuhu. Mke wangu akabofya kisanduku kimoja cha safu ya grafu. Ndani mlikuwa na fomula: kipimo kikikosekana, weka namba inayotabiriwa na nadharia.

"Hii nani kakupa?"

Kijana alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Lahajedwali ni lako, Mwalimu. Ulitugawia mwaka wa kwanza."

Mke wangu alilitengeneza mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, ili aone sura ya grafu kabla hajamaliza kupima. Fomula akaisahau humo. Nilimwonea huruma. Miaka yote hiyo alishuku kila mtu, faili lake akaliacha.

Alimwomba kijana radhi, akamwambia ripoti haiendi popote. Kijana alipoondoka, mke wangu akafungua jedwali la tasnifu yake mwenyewe, ile iliyompa kazi, nayo ya maji yanayopoa. Akabofya kisanduku kimoja, halafu cha pili: fomula ile ile. Cha tatu hakukifikia.

"Bandika maji, mume wangu," alisema. "Tunarudia la kwangu."