Bernadina na Wahamiaji wa Mpito

Mwaka ule wa ukame, Bernadina alikuwa akiuza makande karibu na stendi ya Babati. Alikuwa mjane wa makamo, mkazi wa Singe, lakini utoto wake wote aliumaliza Simanjiro, ambako baba yake alikuwa mnunuzi wa ngozi. Huko alijifunza Kimaasai mpaka akajua kutaniana kwacho. Mjini lugha hiyo haikumsaidia kitu. Sabuni na sukari vilikuwa vimepotea madukani, na makande yenyewe aliyapika bila mafuta.

Kisha wafugaji wakaanza kuingia kutoka Simanjiro na ng'ombe waliokonda. Waliweka kambi kwenye uwanja wa wazi kule Mutuka. Afisa wa wilaya, Bwana Marcelino, akaitisha mkutano, na mtu akamkumbuka Bernadina. Akaitwa kutafsiri.

"Kuanzia leo hawa ni wahamiaji wa mpito," Bwana Marcelino alisema. "Wapumzike hapa, lakini wasijenge, wasilime, na wasihesabiwe kama wakazi. Waambie, mama."

Bernadina hakuwahi kusikia maneno hayo. Masikioni mwake yalifanana na yale yaliyotangazwa siku hizo kabla ya watu wasio na kazi kupakiwa kwenye malori na kupelekwa mashambani. Mbele yake alisimama Sendeu, mzee mrefu aliyeegemea fimbo, na mkwewe Naitoti, mwanamke aliyefiwa na mume mwaka uliotangulia.

"Wanatuita nani?" Sendeu aliuliza.

Bernadina aliona aibu. Hawa walikuwa watu wa kule alikolelewa, na sasa yeye ndiye awaambie kwamba hapa si pao.

"Wanawaita wageni," alijibu. "Wanasema mpumzike."

Yaliyobaki hakuyasema. Alijiambia kwamba angewaeleza baadaye, polepole, pasipo na umati. Sendeu alimshika mkono, akamtemea mate kidogo kiganjani kama wanavyobariki wazee wa kwao, na Bernadina akarudi mjini amefumba kiganja hicho.

Siku chache baadaye alipita Mutuka kutafuta mahindi, akamkuta Naitoti anajenga. Fito zilikuwa zimesimama na upande mmoja ulikuwa umekandikwa kinyesi cha ng'ombe. Bernadina alifungua mdomo aseme. Badala yake akausifia ukuta, akaenda zake kwa haraka.

Lori la unga wa yanga, ule wa manjano wa msaada, lilifika Mutuka Bernadina akiwa sokoni. Safari hiyo mkalimani alikuwa Hatibu, dalali wa mnadani. Kimaasai chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo maneno ya serikali aliyaacha kwa Kiswahili kama yalivyo.

"Ninyi ni wahamiaji wa mpito?" alimuuliza Naitoti.

"Ndio watu gani hao?"

"Watu wanaopita tu."

"Hapana," Naitoti alisema, akaionyesha nyumba yake. "Sisi ni wageni wa hapa. Tulikaribishwa mbele ya watu wote."

Mgawaji akasema mgeni hula kwa mwenyeji wake, akasogea kwa familia inayofuata. Familia nyingine, zilizoitikia tu swali la Hatibu, zilichukua unga na kuendelea na safari kuelekea malisho ya Kondoa. Sendeu na Naitoti walibaki. Wiki iliyofuata mgambo walikuja, wakaona nyumba mahali palipokatazwa kujengwa, wakaibomoa.

Naitoti alimfuata Bernadina stendi mchana, wateja wakiwa wamejaa.

"Mama," alisema, "kwenu mgeni huvunjiwa nyumba?"

Bernadina aliacha sufuria jikoni, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Marcelino. Alimweleza alichotafsiri na alichokiacha. Alitegemea kufokewa. Afisa alimsikiliza, kisha akavua miwani.

"Mama, mhamiaji wa mpito ana haki yake. Anapewa unga kila kituo, anapewa maji, ng'ombe wake wanapata dawa, mpaka afike anakokwenda. Hafukuzwi njiani. Ndiyo maana ya maneno hayo. Mgeni ni wa mtu aliyemkaribisha."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Lori lingine, afisa alisema, halikuwa limepangwa karibuni. Bernadina alitoka nje. Jina aliloliogopa ndilo lililobeba chakula, na lile alilowapa kwa huruma ndilo lililowanyima.

Alibeba maharage aliyokuwa nayo, akaenda Mutuka. Sendeu alikuwa amelala juu ya ngozi kando ya fito zilizovunjika, anakohoa. Bernadina alipiga magoti, akamwambia yote.

"Kumbe uliona aibu kwa ajili yetu," mzee alisema. "Ungetuachia aibu yetu. Tungeibeba wenyewe."

Bernadina aliwahamishia nyumbani kwake Singe na kumpikia mzee uji kila siku, lakini Sendeu hakuinuka tena, akafa. Mganga wa zahanati alisema ni kifua, tena na uzee. Hakuna aliyetaja njaa. Bernadina alilitaja neno hilo peke yake, akichota maji, akichambua maharage, akipiga magoti kanisani, ambako kwa miezi mingi hakuweza kupanga foleni ya komunyo.

Baada ya mazishi, Naitoti alisema anawafuata wenzake. Bernadina alimsindikiza hadi barabara ya Kondoa, na njia nzima alimfundisha maneno matatu ya Kiswahili. Naitoti aliyarudia kwa taabu, ulimi ukijikwaa, mpaka yakatoka sawasawa.

"Wakikuuliza wewe nani, sema hivyo. Usiseme mgeni."

"Nimesikia," Naitoti alijibu. Hakumpa mkono. Aliwaswaga ng'ombe wake wachache, akaenda.

Mvua ziliporudi, mfugaji mmoja alisimama kwenye meza ya makande akasema Naitoti alipewa unga katika vituo viwili, na sasa yuko kwa kaka yake, salama. Bernadina alimjazia sahani bila kumdai.

"Alikutumia salamu?" muuzaji wa meza ya jirani alimuuliza.

"Hapana," Bernadina alisema, akaendelea kupakua.