Makofi Matatu ya Ndagala

Sikuwahi kupapenda kwa nyanya yetu. Watoto wenzetu wa Lemera, kwetu milimani, walituonea wivu kila vakanse, shule zikifungwa: eti tunashuka ziwani kustarehe! Starehe gani? Kijumba cha bati kando ya Tanganyika, kusini mwa Uvira, mbu wasiojua kushiba, na harufu ya ndagala iliyotufuata mpaka kwenye nguo za kanisani.

Nyanya hakujua kitu kinachoitwa mgeni. Ukishuka tu kwenye lori unapewa kazi: kugeuza vile visamaki vyake vilivyotandazwa mchangani vikauke, na kufukuza kunguru. Saa hakuwa nayo. Alipima muda kwa wimbo aliotunga mwenyewe, kwa sauti yake ya mlango mbovu:

"Geuka, ndagala wangu, geuka,
mgongo umeshiba jua, tumbo lina njaa."

Kisha kimya, halafu sisi watoto sote tunapiga makofi matatu ya kutimua kunguru. Pa! Pa! Pa! Wimbo ukiimbwa mara tano, mnageuza safu nyingine. Aliyekosa makofi alikula bugali na sombe tupu, majani ya muhogo, jioni, ndagala akiwaona kwa macho tu. Mimi nilikosa mara nyingi. Niliapa nikikua sitapakanyaga tena.

Kwa hiyo, miaka michache iliyopita, yaya, yaani kaka yetu mkubwa, alipotuita kwake Rugenge, mjini Uvira, tukubali parsele ya nyanya, kile kiwanja chake, iuzwe, nilikwenda nikiwa radhi kabisa. Nyanya tulishamzika zamani, ziwa limepanda na kula nusu ya uwanja, na mnunuzi alitaka kujenga hoteli. Wadogo zetu wawili walikuwa wamekwisha kusinya karatasi ya mauzo, kila mmoja na sahihi yake. Nilibaki mimi, na kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Lakini yaya hajui kunyamaza. Ni mtu wa kukohoa kabla ya kusema, utafikiri taifa zima linamngoja.

"Mungoje kwanza," akasema. "Wimbo wa nyanya niliupeleka ku studio. Tumuage kwa heshima."

Akawasha spika.

Lo! Heshima gani ile? Kinanda kinalia kama bata, binti fulani anajilegeza, na ndagala wamefukuzwa kabisa. "Geuka, mpenzi wangu, geuka." Mpenzi! Nyanya ambaye hata babu hakuthubutu kumwita hivyo! Nikamtazama yaya alivyofumba macho akitikisa kichwa, yeye ambaye kila safu ilipokuwa ndefu tumbo lilimuuma ghafla, nikamdharau kutoka moyoni.

Wimbo ukafika pale pa kunyamaza. Watu wa studio hawakuacha kimya, walipajaza ngoma. Hata hivyo kalamu ilinianguka. Pa! Pa! Pa! Nilikuwa nimepiga makofi. Wadogo zangu nao walikuwa wamepiga. Na yaya, macho yamefumbwa vilevile, alipiga kwa nguvu kutushinda sote, juu ya ngoma zake mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mchanga wa moto chini ya nyayo zangu, nikaogopa, mtu mzima mimi, kwamba jioni nitanyimwa ndagala. Nikapatamani pale mahali pabaya, na hasira zikanipanda kwa sababu hiyo.

"Sinya basi," yaya akasema, akijipangusa macho. "Weye ndiye wa mwisho."

"Sisinyi."

"Aka! Si unapachukiaka?"

"Minye napachukia mpaka leo. Lakini umejipalia makaa, yaya. Ungenyamaza, parsele ingekuwa imekwenda."

Alikohoa. Akaikunja ile karatasi, akaizima spika yake.

Parsele iko yetu bado. Ziwa linaendelea kuila, na mbu wako palepale. Kila vakanse nawapeleka wanangu huko, wajifunze kupachukia vizuri.