Antena Fupi na Salamu za Mama Mkwe

Nilitoka nyumbani Champlin, huku ughaibuni, Jumamosi ile kwa sababu moja tu: mama mkwe wangu alikuwa anakwenda kusema redioni, nami nilikuwa nimeagizwa kusikiliza. Kwetu Morogoro mama huyu ni mtuma salamu wa siku nyingi. Watangazaji wanalijua jina lake kuliko la mbunge. Alipokuja kututembelea akasikia kwamba Saint Paul kuna kituo kidogo chenye nusu saa ya Kiswahili, hatukupumua mpaka mke wangu, Neema, akakubali kumpeleka. Kabla hawajatoka alinitazama. "Mume wa Neema, usikilize. Na wewe umo." Tangu nilipomwoa binti yake ananiita hivyo, mume wa Neema, hata ninapompakulia chakula. Jina langu analijua, anabana matumizi.

Kituo chenyewe hakirushi kitu mtandaoni, na mnara wake ni mlingoti juu ya paa. Sikujali. Mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kuwachukua, na redio ya gari ninayo. Ningesikiliza njiani.

Champlin, kabla sijaondoka, niliwasha redio nikapata mvumo kama mafuta yanayokaanga. Nikajipa moyo kwamba mbele itashika. Hapa lazima niwaeleze habari ya antena. Ile iliyokuja na gari langu ilikuwa ndefu, karibu mita nzima, nyembamba, haina maringo. Rafiki yangu Otieno, nesi Mkenya anayeishi Crystal, aliivumilia kwa muda, kisha akaniletea nyingine, nyeusi, ya kung'aa, fupi kama kidole gumba. Huku hatulali, tunashika zamu mbili, lakini picha ya gari ikitumwa nyumbani sharti ipendeze. Nikaifunga, nikapiga picha, Morogoro wakasifu. Ile ndefu nikaitupa gereji.

Crystal nilimpitia Otieno, aliyekuwa ameahidiwa pilau ya mama mkwe. Redio ilikuwa inatoa mahubiri ya kituo cha jirani.

"Otieno, antena yako haishiki."

"Wacha hizo, bro. Hiyo station yao ndio iko weak. Enda kwa hizi kubwa uone." Akabonyeza, na kweli vikaingia safi: tangazo la magodoro, tangazo la mawakili, wimbo wa mtu aliyekimbiwa na mkewe. "Umeona? Ndani iko na coil. Hiyo ni technology."

"Sitaki godoro. Namtaka mama mkwe."

Golden Valley, kwenye majengo ya vioo ya makampuni, saa ya kipindi ilitukuta. Nikasikia "Jumamosi njema," nikashangilia peke yangu, kisha tukapita chini ya daraja na Kiswahili kikabaki huko. Tuliposimama kwenye taa nyekundu, Otieno akateremsha kioo, akajinyoosha, akakishika kile kidude juu ya paa. Miujiza! Sauti ya mama mkwe ikajaa garini: "Wa kwanza kabisa, namsalimu..."

Taa ikawaka kijani. Nyuma wakapiga honi. Otieno akarudisha mkono ndani, eti baridi inamng'ata, na mama mkwe akaondoka nao. Yaani nesi mzima, mrefu vile, ndiye aliyekuwa antena. Kile kidude alikishikilia tu. Nilitamani kumfunga juu ya paa kwa kamba.

Saint Paul, tulipoegesha chini ya mlingoti, redio iliongea safi kabisa. Ilikuwa inaaga wasikilizaji.

Mama mkwe akatoka, koti la Neema likimfika vifundoni, uso unang'aa. "Umesikia?"

Nilifungua kinywa nidanganye, lakini Otieno akaniwahi. "Mama, ukweli ni tulishika 'namsalimu' pekee. Hiyo ingine ilipotelea Golden Valley."

Uso ukakunjamana. Akaingia garini, akabamiza mlango.

Wakati wa kurudi, ni Neema aliyenihurumia. "Amekutaja wa kwanza. Amekuita mwanangu."

Nilishika usukani kwa nguvu. Miaka yote hii nimelingoja neno hilo, na limesemwa mji mzima ukisikia, mimi nikisikiliza magodoro.

"Mama, naomba urudie."

"Salamu hazirudiwi. Ningekuwa na nia ya kukwambia jikoni, ningekwambia jikoni."

Simu ya Neema haikutulia. Jirani amesikia. Muuza nyama amesikia, anapongeza. Mtu nisiyemfahamu kutoka Brooklyn Park alitaka kumsalimu "huyo mwana". Otieno alitazama dirishani mpaka Crystal, akashuka bila kuulizia pilau.

Champlin, sikuingia ndani. Nilipekua gereji mpaka nikaipata ile ndefu, nikaanza kuifunga, vidole vimekufa ganzi. Nilichojifunza safari ile ni hiki: antena fupi inawatosha wenye kupiga kelele, hao watakupata popote. Anayesema kwa sauti ndogo, tena mara moja, anataka waya wa kutosha, hata kama hauvutii pichani.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akasimama na koti lake la kuazima, akaniangalia ninavyohangaika.

"Kaza vizuri, mwanangu. Isianguke."

"Naam, mama!" Niliitika kwa sauti ambayo hata kile kidole gumba cha Otieno kingeinasa.