Niliimaliza Ile Gemu ya Ndege

Ipo asubuhi moja haijanitoka, mwanangu, wala si ya zamani. Ilikuwa masika ya juzijuzi tu. Niliamka kwenye chumba nilichopanga nyuma ya stendi ya Msamvu, nikakunja shuka, nikatia shati la pili kwenye mfuko, nikatoka. Sikuwa na safari. Sikuwa na mtu wa kumwona. Nilitaka tu miguu iende, kwa sababu jana yake vijana walikuwa wameniita mwongo. Uongo wa mengine naukubali, sikatai. Ila si wa lile.

Ngoja nikueleze lile.

Nilipokuwa kijana, shule niliiacha darasa la sita. Hawakunifukuza, wala sikuwa mjinga. Kila nilipokaa kwenye dawati nilisikia lori likipita barabarani, nikajiuliza linakwenda wapi, na mwalimu hakuwa na jibu. Nikawa utingo. Nikauza nyanya pale Dumila, magari ya Dodoma yanaposimama. Nikawa msaidizi wa fundi rangi, nikachoma tofali, nikachunga ng'ombe wasio wangu. Kila kazi niliianza kwa moyo, na kwa moyo uleule nikaiacha katikati.

Isipokuwa kitu kimoja. Mjini Morogoro kulikuwa na kibanda chenye tivii ya chogo, ile ya mgongo mnene, na mashine ya gemu, zile za kuchomeka kaseti kwa juu. Kaseti ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha, inawaka. Humo mlikuwa na gemu tuliyoiita Ndege. Chombo chako kidogo cha angani kinatoka kushoto kinakwenda kulia, na dunia nzima inakuja kukugonga: vimondo, ndege za adui, mizinga iliyobandikwa kwenye miamba. Ndege yenyewe hairudi nyuma. Ukiguswa tu umekufa, unaanza steji ileile bila hata silaha moja uliyookota. Roho zako ni tatu. Zikiisha, unaanza mwanzo kabisa, kama vile hukuwahi kuzaliwa.

Steji ya tano ndiyo iliyokuwa kaburi letu. Tuliiita Pango. Njia inabana juu na chini, maadui wanatoka mbele na nyuma, risasi zinajaa mpaka huoni pa kupitisha sindano. Wenzangu wote waliishia hapo wakaenda kucheza gemu za ngumi. Mimi nikabaki. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lile nililibandua mvua nzima na kiangazi chake. Mchana mmoja nikavuka Pango, nikavuka na steji ya sita, nikamuua yule tuliyemwita Mkubwa Wao. Mwenye kibanda alikuwa amelala kwenye benchi, mdomo wazi. Hakuna mwingine aliyeona.

Wiki ileile nikapanda kwa mjomba wangu, upande wa Mgeta, kumsaidia kupanda kabichi. Wewe wajua kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Baba anakuzaa, mjomba anakuhukumu. Nililima tuta moja na nusu, nikasimama kutazama ukungu unavyoshuka, na jembe likabaki pale lilipobaki. Mjomba akaja, akaangalia tuta, akaniangalia mimi.

"We mpwa wangu," akasema, hana hata hasira, na hilo ndilo liliniuma, "katika ukoo huu hakuna jambo ulilolianza wewe likaishia mikononi mwako. Utakufa ukiwa katikati."

Nilitaka kumwambia, "Mjomba, Ndege nimeimaliza." Lakini utamwambia nini mzee mwenye udongo mpaka magotini kuhusu ndege ya kwenye tivii? Nikalibeba neno langu kifuani, na miaka yote ya kuzunguka kwangu nililibeba hivyohivyo. Mjomba alipofariki, nilisimama kaburini nikamjibu moyoni: kimoja, mjomba. Kimoja nilikimaliza.

Sasa rudi nami Msamvu. Kuna kijana mmoja anatengeneza simu pale, anaitwa Side, mwepesi wa mikono na wa ulimi. Mara nyingi nilimsimulia habari za Ndege. Jana ya ile asubuhi akaniita mbele ya wenzake.

"Shikamoo mzee. Njoo uone. Si ndiyo hii ndege yako unayotusimuliaga?"

Nikatazama kioo cha simu. Ilikuwa yenyewe, na rangi zake, na ule muziki wake wa kukwaruza. Mwanangu, macho yaliniwasha. Nikashika simu, nikacheza. Nikavuka ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Vijana wakaanza kusogea. Nikaingia Pango, nikafa. Nikafa tena. Nikafa kama kuku wa sikukuu.

"Mzee, hii chai," Side akasema.

"Chai gani?"

"Uongo, chai ya maziwa kabisa, ina mpaka tangawizi. Uliimaliza ndotoni wewe."

"Niliimaliza."

"Haya, usikasirike, mzee wangu. Bonyeza hapa, inarudi nyuma kidogo, unajaribu tena palepale. Hata mtoto anamaliza."

"Kule hakukuwa na kurudi nyuma."

"Basi hukuimaliza," akasema, na wenzake wakapiga makofi ya kunisindikiza.

Wakacheka wakasahau. Mimi sikulala vizuri. Kama sikuimaliza Ndege, basi mjomba alisema kweli, na sina hata kimoja. Mtu anaweza kujidanganya kwa miaka mingi bila kujua. Nimewaona wengi.

Ndiyo maana asubuhi ile nilitoka bila mpango. Sokoni nikakuta lori limeshusha ndizi linarudi tupu njia ya Matombo. Dereva akasema, "Mzee, unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Unakokwenda wewe." Akacheka, nikapanda nyuma na majani makavu ya migomba.

Nikashuka Mkuyuni kwa sababu nilisikia njaa, si kwa sababu nyingine. Nilipokuwa natafuna muhogo wa kukaanga nikasikia kelele za gemu zikitoka kwenye chumba kimoja pembeni ya soko. Miguu ikaingia yenyewe. Walikuwa na mashine ya diski, ya kileo kidogo, na kijana msimamizi mwenye kofia akaniambia diski moja imejazwa magemu ya kale chungu nzima. Ndege ilikuwemo. Nikalipia, nikakaa katikati ya watoto wa wenyewe, nikacheza. Picha ilikuwa safi kuliko ya zamani, na Pango likaniua safi kuliko zamani.

Yule kijana alisimama nyuma yangu muda mrefu. "Samahani mzee," akasema, "unachelewa. Unageuka risasi imeshafika. Kama vile unasubiri kitu."

"Nasubiri nini?"

"Sijui. Kama vile unasubiri ruhusa."

Neno hilo likanikaa. Nikamuuliza kama amewahi kuona mashine ya kaseti. Akasema kuna mama mmoja kijiji cha juu, Mama Resti, ana kibanda umiza cha kuonyesha mpira; alipokwenda kumfungia dishi aliiona mashine hiyo chini ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akanionyesha njia kwa kidole. Ilikuwa inapanda tu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi wakuu wengi sikuwasikia, na guu langu lilipanda mlima ule bila kusimama mara nyingi. Wala sisemi kwa kujisifu. Basi, kidogo.

Mama Resti alikuwa mwanamke mpana, kanga kiunoni, rozari shingoni, anakaanga maandazi mlangoni pa kibanda chake. Nilipomweleza yeye na binti yake shida yangu na vijana wa Msamvu, aliacha mwiko hewani.

"Umepanda kilima chote hiki kwa ajili ya gemu? Huna mke wa kukukataza?"

"Alichoka kukataza."

Akacheka mpaka mafuta yakaunguza andazi. "Ingia. Wanangu waliichezea ile mpaka wakaota ndevu. Lakini saa kumi kuna mpira. Saa kumi nazima, hata kama uko mbinguni."

Nikachomeka, nikapuliza, ikawaka. Umeme wake ulikuwa wa sola, na tivii ya chogo, kama ya ujana wangu. Nikaenda mpaka Pango kwa roho mbili. Maadui wakajaa, risasi zikajaa, nami nikakaza mkono nikingoja kufa.

Mashine ikaelemewa.

Kila kitu kikaanza kwenda polepole, kama mtu anayepanda na gunia la magimbi kichwani. Risasi zikawa zinaelea. Katikati yake upenyo ukafunguka, na kidole changu kikaingia humo kabla sijakiambia. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kumbe ndicho nilichokuwa nasubiri! Mashine ya kaseti ilikuwa dhaifu. Mambo yakizidi, inaishiwa pumzi, na sisi tulijifunza kupita wakati inahema. Ya diski haihemi. Simu ya Side haihemi. Wao walicheza Ndege nyingine yenye sura ya Ndege yangu. Mimi sikudanganya mtu, wala sikujidanganya.

Nilipotoka Pango watu walikuwa wameshaanza kuingia, wakulima waliotoka shamba, na viatu vyao vya matope mkononi. Nilikuwa steji ya sita, roho moja.

"Mama Resti, mbona tunaangalia katuni?"

"Nani huyu mzee? Mpira unaanza!"

"Baba, toka hapo, ukacheze na wajukuu!"

"Dada," nikamwambia Mama Resti bila kugeuza shingo, "hii ukiizima haina kumbukumbu. Inapotea yote."

"Nilikwambia saa kumi."

"Ulisema. Na mimi sitoki."

Kibanda kikaguna. Kijana mmoja akashika waya. Hapo sauti ya mzee mmoja ikatoka benchi la nyuma, yenye ile lafudhi ya mlimani inayovuta neno mpaka liimbe. Baadaye nilimjua: Mzee Damiani, mkulima wa karafuu.

"Achia waya huo, wee. Mtu mwenye mzigo kwenye mteremko hasemeshwi. Hao wachezaji wako bado wanaimba wimbo wa taifa."

Kijana akaachia. Wakaguna, kisha wakaanza kutazama, kwa sababu macho ya binadamu hayajui kukataa. "Juu, mzee, juu!" "Chini!" "Mtandike!" Mkubwa Wao akajaza tivii nzima, mashine ikahema, nikapita, nikapiga, nikapita, nikapiga. Akapasuka. Kibanda kikalipuka kama wamefunga goli.

Maandishi machache yakatokea, na nyota. Binti wa Mama Resti akatoa simu. "Mzee, ngoja nipige picha uwatumie hao wa Msamvu!"

"Usipige," nikasema.

"Watajuaje sasa?"

"Wasijue."

Mara maandishi yakafutika, na kile chombo kidogo kikatokea tena kushoto, steji ya kwanza, maadui wakija kasi kuliko mwanzo.

"Mzee, haijaisha!" wakapiga kelele. "Inaanza upya hiyo! Umepigwa changa la macho!"

Ndivyo ilivyo, mwanangu. Gemu zile hazina mwisho, zinakuzungusha tu mpaka ufe. Nilikuwa nimelisahau hilo. Nikakitazama chombo changu kikielea, kizima, na roho yake moja. Nikaiweka chini pedi ya kuchezea.

"Kwangu imeisha," nikasema, nikazima kwa mkono wangu mwenyewe.

Mpira ukawekwa, na kabla sijafika mlangoni walishanisahau wote. Hata hilo halikuniuma.

Nje, mvua nyepesi ilikuwa inapita juu ya migomba. Mzee Damiani akanifuata wakati wa mapumziko, nikamwamkia shikamoo, akaitika.

"Unalala wapi?"

"Sijajua."

"Una ndugu huku?"

"Sina."

"Mtu mzima hovyo wewe," akasema, na nikasikia upendo ndani yake. "Nina chumba ninachowekea karafuu. Kitanda kipo. Utaamka unanuka kama pilau."

Ni humo ninamokuandikia haya. Nimekaa siku zaidi ya nilizodhani, na kesho huenda nikaondoka, huenda nisiondoke.

Sasa nisikilize. Tafuta kitu kimoja ukimalize. Kikiwa shule, vizuri. Kikiwa shamba, vizuri zaidi. Na kikiwa kitu ambacho watu wanakiita mchezo, kimalize vilevile, usiombe radhi. Usikubali mtu akupime kwa mashine yake halafu akwambie hukufika. Muulize mashine yake inahema wapi. Ukidaiwa ushahidi na mtu aliyekuja kucheka, mnyime. Na ujue kwamba dunia haitakwambia kamwe kwamba umemaliza. Itakurudishia kazi ileile kwa kasi zaidi na kukuita mvivu ukikataa. Siku hiyo weka pedi chini wewe mwenyewe, ungali na roho yako. Mjomba wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na kuhusu kabichi alisema kweli tupu. Kuhusu mimi alikosea. Wazee nao hukosea, hata huyu anayekuandikia. Hilo nalo liweke akibani.

Nakuombea mwili usiokuchoka mapema, na ulimi usiojitetea ovyo. Nakuombea, popote giza litakapokukuta katika nchi hii, pawe na mtu wa kukuuliza unalala wapi. Mungu akutangulie, mwanangu, hata pale ambapo wewe mwenyewe hujui unakwenda wapi.