Shemeji Aliyenikinga Panga Anataka Nirudi kwa Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, mume wangu anasoma hii page. Mimi ni muuguzi wa miaka thelathini na nne, mama wa mtoto mmoja, naishi Nyamasaria. Nimepata kazi Uingereza na Ijumaa napanda ndege. Wodini kwetu wengi washaenda, tuliobaki tunafanya kazi kama punda, kwa hivyo msinihubirie uzalendo.

Kwetu Wajaluo, mwanaume haanzishi boma lake bila mke wake wa kwanza. Lazima walale pamoja usiku wa kwanza kwenye nyumba mpya. Na kaka mkubwa asipohama kwa babake, wadogo hawamruki kwenda kujenga yao. Mume wangu ndiye kifungua mimba. Miaka yote nikimwambia tujenge, alikuwa bize na pombe. Visa ilipotoka ndipo akakumbuka mila.

"Huendi mahali! Dala, boma langu, nitaingia na nani?"

Nikamjibu aingie na yule mwanamke wake wa Kibuye. Huu mdomo wangu! Alinipiga ngumi nikaanguka, akanikanyaga mkono mpaka nikasikia vidole vikivunjika. "Tuone utadunga Wazungu sindano na mkono gani!" Akaingia jikoni, akatoka na panga. Mdogo wake, aliyekuwa ametutembelea, akaruka katikati na kulidaka kwa kiganja. Damu ilirukia nguo za mtoto wangu. Majirani ndio walimfukuza mume wangu kwa mawe.

Hospitalini tulikuta muuguzi mmoja na foleni hadi nje. Nilimfunga shemeji kidonda mwenyewe, kwa mkono mmoja, nikilia kwa hasira. Ni miezi miwili sasa, vidole vyangu vimeunga, lakini yeye ni fundi wa mbao, na vidole vyake viwili havikunjiki tena.

Jana shemeji alinifuata kwa dada yangu ninakojificha. Akapiga magoti, akaniita kwa Kijaluo binti wa Seme, kwetu nilikozaliwa.

"Nyar Seme, usiku moja tu na yeye kwa nyumba mpya, ya mabati tutaisimamisha kesho, asubuhi uende zako. Mimi niko na watoto watatu bado kwa boma ya mzee. Ukienda hivi, umenifungia."

"Na akinichinja humo ndani?"

"Mimi nitalala kwa mlango."

Mume wangu namchukia, hata nikisikia amekufa sitalia. Lakini kwa huyu kijana nina deni. Mnaosema mila zimepitwa na wakati, njooni mmwambie mkiwa mmeushika huo mkono wake. Nisipoenda, aliyeniokoa atazeeka bila boma. Nikienda, nitalala kitanda kimoja na mtu aliyetaka kuniua.

Begi limefungwa. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?