Mfuko wa Maji Niliouanika Barazani

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshachoka kuona haya: nimewahi kuombewa dua ya mgonjwa nikiwa mzima kabisa, nimeketi humo humo msikitini, na amina nikaitikia.

Mimi ni seremala hapa Tabora, na Jumapili hutembea na kikundi chetu kwenye njia ya zamani ya misafara. Maji nabeba kwenye ule mfuko laini wa mgongoni wenye mrija wa kunyonyea. Safari moja nikautia juisi ya ukwaju (mke wangu alinikataza), nikausahau, ukachacha. Sasa nimechaguliwa kuongoza wageni hadi Kipalapala, basi Ijumaa asubuhi nikauosha kwa maji ya vuguvugu, magadi na ndimu, nikasafisha mrija kwa kitambaa kilichofungwa uzi, nikachomeka mwiko ndani ili pande zake zisigandane, nikatafuta pa kuuanika. Kamba ya uani ilijaa mashuka, nikautundika barazani, mbele ya nyumba, mrija unaning'inia na kudondosha matone, na umanjano wa ukwaju umegoma kutoka.

Jirani yetu Bi Salma akapita, akautazama, akaenda zake. Kumbe kwake ule ulikuwa mfuko wa mkojo wa hospitali, na kufikia adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba mkojo umenifunga.

Baada ya swala imamu akasema tumwombee ndugu yetu fundi seremala aliyewekewa mpira wa mkojo. Nikainua mikono kwa huruma, nikaitikia amina, ndipo nikakumbuka kwamba seremala mtaani ni mmoja tu. Nikasimama nikasema, "Imamu, mimi mzima. Ule ni mfuko wa maji ya kunywa." Mtu nyuma yangu akanong'ona kwamba masikini, homa imeshapanda kichwani. Mzee Nasoro, mwenyekiti wetu wa matembezi, akanishika mkono kwa upole, akaniambia nikapumzike, wageni atawaongoza mwenzetu Juma.

Nyumbani nikawakuta akina mama wameleta uji wa ulezi. Kwa hasira nikautungua mfuko, nikaujaza maji, nikanyonya mrija mbele yao ili waamini. Bi Salma akajifunika uso kwa kanga, mwingine akaanza kulia, na mke wangu, badala ya kunitetea, alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

Jumapili nikaenda hivyo hivyo, mfuko mgongoni. Mzee Nasoro akaniruhusu nifuate nyuma, polepole. Juma akaanza kwa mbwembwe, lakini jua lilipokolea chupa yake ilikuwa tupu, akaketi kando ya njia, wageni wakabaki kutazamana. Nikapita mbele. Nikawasimulia habari za wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapo na pembe za ndovu mabegani, nikawapeleka mwendo wa kiasi, tukafika Kipalapala wote, na Juma pia.

Pale, mbele ya kila mtu, Mzee Nasoro akaomba mrija. Akanywa, akaramba midomo, akanywa tena.

"Maji haya hayana hata harufu," akasema. "Fundi, kurudi unaongoza wewe."

Basi nikaingia mtaani kwetu nikiwa mbele ya msafara, nimetunisha kifua, na watu walewale walioniombea dua wakatoka milangoni kunipigia makofi. Ila nimeapa: siku hizi mfuko naukausha chumbani, mdomo chini, dirisha wazi, na mke wangu ameshazoea kulala na matone.